Kabla ya Kulipia Chumba Kinachoangalia Bahari

Bonasi ya majani chai huwafikia wakulima wa Kericho na Bomet kuelekea mwezi wa Oktoba, na haipiti wiki kabla vyama vya akiba vya Kiptere, huko Kericho, havijaanza kupiga hesabu za safari ya Desemba kwenda pwani. Safari yenyewe imekuwa nyepesi tangu treni ya Madaraka Express ianze kubeba abiria mwaka 2017. Mtu hupanda gari la Kapsoit, akafika Kericho, akalala Nairobi, na kesho yake akashuka Miritini, Mombasa. Kinachobaki kumuumiza kichwa ni chumba.

Hapo ndipo wengi hununua picha. Hoteli huonyesha kitanda kilichopambwa kwa maua, pazia jeupe na maji ya buluu nyuma yake, kisha hutaja bei mbili: ya chumba cha upande wa bustani, na ile ya juu zaidi ya chumba kinachoangalia bahari. Mgeni anayekwenda pwani mara moja kwa miaka kadhaa huona aibu kusafiri mbali hivyo akaangalie miembe, basi hulipa nyongeza. Analipia mandhari, ilhali anachohitaji zaidi ni usingizi.

Mtu wa nyanda za chai ana sababu ya kuwa mkali hapo. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi huweza kufika nyuzi 10 au 12. Mombasa, mwezi wa Februari na Machi, joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku hushuka kidogo tu, hadi 24 hivi. Hata hivyo kinachomshinda mgeni hasa ni unyevu wa hewa: jasho halikauki. Aliyefanya kazi katika kiwanda cha chai anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Majani mabichi hutandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia na feni hupuliza hewa kati yake kwa saa 12 hadi 18. Hewa isipotembea, maji hayatoki. Mwili uliolala pwani ya Diani haupoi kwa njia tofauti.

Ndiyo maana swali la kwanza ni la upepo. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi hivi. Kusi hutoka kusini-mashariki kuanzia mwezi wa Mei hadi Septemba, na ndio wenye nguvu zaidi. Zote mbili hutokea baharini, jambo linalowapa haki wanaolipia vyumba vya mbele. Lakini ni nusu ya haki. Upepo hauingii chumba usichoweza kutokea. Vyumba vingi vya mbele vina mlango mmoja mpana wa kioo upande wa bahari, na nyuma yake ukuta mzima na korido. Usiku mlango ukifungwa kwa usalama, chumba huwa sanduku. Chumba cha nyuma kwenye ghorofa ya kwanza, chenye madirisha pande mbili zinazotazamana, huweza kukishinda kwa mbali. Vyumba vya chini vina raha ya kutoka moja kwa moja hadi mchangani, lakini ua, vichaka na ukuta wa hoteli huvinyima hewa.

Pwani ya Kenya inatazama mashariki. Chumba cha bahari hupigwa na jua tangu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kufikia alasiri upande huo uko kivulini. Chumba kinachoangalia magharibi hufanya kinyume: ukuta wa mawe hunyonya joto la saa tisa, kisha huanza kulitoa wakati mtu anavuta shuka. Kwa hiyo chumba cha bustani kisichokuwa na mti mkubwa upande wa magharibi ni cha bei nafuu kwa sababu nzuri kabisa.

Paa la makuti nalo lina tabia yake. Likiwa refu na lisiwe na dari, hewa ya moto hupanda na kupenya juu, na feni moja hutosha. Baridi ya kiyoyozi nayo hupotea vivyo hivyo, kwa hiyo anayetozwa nyongeza ya kiyoyozi chini ya makuti yaliyo wazi ana haki ya kushangaa.

Waliojenga Mji wa Kale wa Lamu, uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, hawakuhangaika sana na mandhari ya bahari. Nyumba zao zina kuta nene za mawe ya matumbawe, nazo hufunguka kuelekea ndani, kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani, kinacholeta mwanga na hewa, huku vichochoro vyembamba vikikaa kivulini karibu mchana kutwa. Nyumba kadhaa za wageni mjini humo na katika kijiji jirani cha Shela zimebaki na mpangilio huo. Chumba cha juu, karibu na paa, ndicho cha kuombwa.

Bahari yenyewe haikai mahali pamoja. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani hii hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo, eneo la Mombasa, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Familia inayomaliza chai ya asubuhi saa nne na kukimbilia ufuoni hukuta maji yamekwenda zake hadi karibu na mwamba, na mbele yao ni mchanga, mwani na vidimbwi. Saa za kujaa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku, hivyo juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, maji hujaa karibu saa nne asubuhi, ingawa hayapandi sana. Mwenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi aangalie mwezi kabla ya kuchagua tarehe. Malindi kuna jambo jingine: mto Sabaki humwaga udongo baharini mvua zikinyesha bara, na kaskazi huusukuma kuelekea ghuba ya mji. Aliyeota maji ya buluu huko mwezi wa Desemba huweza kulipia dirisha linaloangalia maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Neno “tulivu” kwenye tangazo lisiaminiwe bila maswali. Jenereta iko wapi? Muziki wa baa huzimwa saa ngapi? Kuna semina juma hilo? Hoteli nyingi za pwani huishi kwa semina za serikali na mashirika, na washiriki wa semina, wakishamaliza kazi za vikundi, hawalali mapema. Ramani ya hoteli husaidia kuliko picha: jikoni, bwawa la kuogelea na ukumbi vikiwa upande mmoja, chumba kiombwe upande wa pili.

Diani kuna majirani wengine, tumbili. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997 kuwatetea mbega wa eneo hilo, limeweka madaraja ya kamba juu ya barabara ili wanyama wavuke salama. Mbega hula majani na hawasumbui mtu. Tumbili hufungua dirisha lisilo na komeo na kuondoka na ndizi. Roshani inayoguswa na matawi ni ya kupendeza kwa anayekumbuka kufunga.

Chandarua kikaguliwe kabla ya begi kufunguliwa: kishikwe juu, kinyooshwe kwenye mwanga, na kiwe kirefu cha kutosha kuingizwa chini ya godoro pande zote. Rekodi za hospitali za mashamba ya chai ya Kericho zimetumiwa na watafiti wa malaria kwa miaka mingi, na safari ni mojawapo ya mambo waliyoyachunguza, kwani mtu wa nyanda za juu ambaye mwili wake haujazoea vimelea huweza kurudi navyo nyumbani.

Liko dai moja la kukataliwa moja kwa moja, nalo ni “ufuo binafsi”. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya inahesabu ardhi yote iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Hoteli inaweza kuuza kiti, kivuli na juisi ya ukwaju. Mchanga unaooshwa na mawimbi haiuzi. Chumba kisiongezwe bei kwa ajili ya huo. Na kabla ya kutuma malipo ya awali kwa M-Pesa, msomaji aombe ghorofa, upande unaoangaliwa na dirisha, na namba ya chumba ikiwezekana, viandikwe kwenye risiti, kwa sababu ahadi ya simu haimlazimishi karani wa mapokezi aliye zamu siku ya kuwasili.