Je, Wajua? Historia ya Dunia kwa Swali Moja la Kodi

Mwanafunzi hupewa Misri ya kale wiki hii, China wiki ijayo na Vita vya Maji Maji mwezi unaofuata, kisha huambiwa akariri miaka. Wapo walimu wanaokwenda njia nyingine: huchagua jambo moja linalojirudia, kama vile maradhi, uhamaji au biashara, wakalifuata karne kwa karne na bara kwa bara. Hapa tumechagua kodi, pamoja na swali moja la kumwuliza kila mtawala: ulitaka ulipwe kwa kitu gani? Jibu la swali hilo hufichua mengi kuliko kiwango chenyewe.

Je, wajua kwamba makarani waliwatangulia washairi? Vibao vya udongo vya Uruk, kusini mwa Iraki ya leo, vina umri wa zaidi ya miaka 5,000 na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa duniani. Mwenye hamu ya kusoma humo visa vya mashujaa atasikitika. Vingi ni hesabu tupu: shayiri iliyopokelewa, kondoo, vibarua na posho zao.

Jiwe la Rosetta nalo husifiwa kwa kuwawezesha wataalamu kusoma hieroglifu. Ni wachache wanaouliza limeandikwa nini. Ni azimio la makuhani wa Misri la mwaka 196 KK, wakimtukuza mfalme kijana Ptolemy V, na miongoni mwa mema yake wanataja kupunguza kodi na kuyasamehe mahekalu madeni. Shukrani hizo zilichongwa kwa maandishi ya aina tatu, asije mtu akasema hakuarifiwa.

Je, wajua kwamba dhahabu ya Kilwa iko Lisbon hadi leo? Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa na mizinga yake, akamlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kukubali kumlipa ushuru mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilifika Lisbon mwaka 1503. Mfalme Manuel I akaagiza itengenezwe chombo cha ibada cha kuonyeshea ekaristi, kazi iliyokamilika mwaka 1506. Kinaitwa Custódia de Belém, na kinatunzwa katika jumba la taifa la sanaa za kale. Maandishi yaliyochongwa kwenye kitako chake yanasema waziwazi kwamba dhahabu yake ni ya ushuru wa Kilwa. Mwaka 1505 Wareno walirudi na jeshi la majini, wakauteka mji na kujenga ngome. Ukimwonyesha mwanafunzi picha ya chombo hicho na picha ya magofu ya Kilwa Kisiwani kwa pamoja, sidhani kama utahitaji kumweleza sana ukoloni wa Wareno ulikuwa biashara ya namna gani.

Kisa kinachonivutia kuliko vyote kinaanzia milima ya Andes. Dola ya Inka haikutumia sarafu. Raia walilipa kwa nguvu zao: kulima mashamba ya dola, kujenga barabara, kupigana vita. Hesabu ziliwekwa kwa mafundo ya kamba, yaani khipu. Kazi hiyo ya kuitumikia dola kwa zamu iliitwa mita. Wahispania walipoishinda dola hiyo hawakuufuta utaratibu. Waliuchukua na kuugeuza. Mwaka 1573 mwakilishi wa mfalme, Francisco de Toledo, aliagiza wanaume wa wilaya nyingi za nyanda za juu wapelekwe kwa zamu Potosí, katika Bolivia ya leo, kuchimba madini ya fedha kwenye mlima ulio zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Wengi hawakurudi kwao.

Fedha yote ile ilikwenda wapi? Sehemu kubwa iliishia China, na hapo kodi inaingia tena, safari hii upande wa pili wa dunia. Noti za karatasi za ukoo wa Ming zilikuwa zimeshuka thamani hadi watu wakazikataa. Katika karne ya 16 serikali ikaanza kuunganisha kodi za nafaka na kazi za lazima kuwa malipo ya aina moja, kwa vipande vya fedha, na kufikia miaka ya 1580 mpango huo, uliojulikana kama Mjeledi Mmoja, ulikuwa umeenea nchini. Mkulima wa mpunga ambaye hakuwahi kuona mgodi akawa anahitaji fedha kila mwaka. China haikuwa na migodi ya kutosha. Wahispania walikuwa wameanzisha kituo chao Manila mwaka 1571, na merikebu zikawa zinavuka bahari ya Pasifiki kutoka Acapulco zikiwa na fedha, na kurudi na hariri na kauri. Kwa hiyo deni la mkulima wa China lilikuwa na mkono katika taabu ya mchimbaji wa Potosí, ingawa hakuna aliyejua mwenzake yupo. Vitabu vingi huwaweka watu hawa wawili katika sura mbili zilizo mbali.

Sasa twende mbio. Vespasian, mtawala wa Rumi, alitoza kodi ya mkojo, kwa kuwa wasafisha nguo waliununua kwa kazi yao. Peter Mkuu wa Urusi alitoza ndevu; aliyelipa alipewa kipande cha shaba cha kuonyesha.

Uingereza ilitoza madirisha tangu 1696 hadi 1851. Watu walijibu kwa kuyaziba kwa matofali, na nyumba za namna hiyo bado zinaonekana. Sheria inapohesabu kitu fulani, watu hupunguza kitu hicho. Waingereza hao hao walipoanzisha kodi ya nyumba Kenya mwaka 1901, familia zilijibana katika nyumba chache. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili hata mwanamume asiye na nyumba asiponyoke.

Lakini uliza swali letu: kwa kitu gani? Wajerumani walipoanza kukusanya kodi ya vibanda Tanganyika mwaka 1898, walihesabu kwa rupia. Kadiri kodi ya mkoloni ilivyodai sarafu badala ya mahindi au mbuzi, mtu alilazimika kuuza zao la biashara au kwenda kuajiriwa kwenye shamba la mzungu. Hilo halikuwa bahati mbaya. Vibarua walikuwa sehemu ya lengo.

Je, wajua kwamba kuhesabiwa tu kuliwahi kuwasha vita? Mwaka 1929, huko Oloko, kusini-mashariki mwa Nigeria iliyotawaliwa na Waingereza, mjumbe wa chifu alimwendea Nwanyeruwa akamtaka ahesabu mbuzi, kondoo na watu wa nyumbani kwake. Wanaume walikuwa wameshahesabiwa na kutozwa kodi, kwa hiyo maana yake ilieleweka mara moja. Maelfu ya wanawake wakajitokeza, wakazizingira nyumba za machifu kwa nyimbo na ngoma na kuvamia mahakama za wenyeji. Askari walifyatua risasi, wanawake zaidi ya 50 wakauawa. Machifu kadhaa waliondolewa madarakani, na mpango wa kuwatoza wanawake ukaachwa.

Huko Uingereza yenyewe hali haikuwa tofauti. Kodi ya kichwa ilipotozwa kwa mara ya tatu, kuelekea mwaka 1381, karibu thuluthi moja ya walipaji walioandikwa mwaka 1377 hawakuonekana tena kwenye daftari. Hawakuwa wamekufa, walijificha. Wakaguzi walipotumwa vijijini kuwatafuta, wakulima waliandamana hadi London wakiongozwa na Wat Tyler. Kodi ya aina hiyo ilirejea Scotland mwaka 1989 na England mwaka 1990, na tena wakawapo waliojitoa kwenye daftari la wapiga kura ili wasipatikane. Ghasia zilizuka Trafalgar Square mwezi Machi, na Novemba Margaret Thatcher akajiuzulu uwaziri mkuu. Mwaka 1993 kodi hiyo ikafutwa, na badala ya vichwa wakarudi kutoza nyumba.