MAJI YA KILIMANI NA MAJI YA MTONI: LINDA MIFUGO YAKO WAKATI WA MAFURIKO



Bonde hutupa majani mabichi na maji ya kunywesha. Bonde hilohilo, mvua zikizidi, huchukua ndama na mbuzi. Ukielewa mto unavyofanya kazi, utajua mahali pa kujenga zizi, mahali pa kuvushia ng'ombe na wakati wa kuhama bondeni.

Maji huchimba wapi, hutua wapi?

Mvua ya milimita 30 ikinyesha kwenye ekari moja ni kama lita 120,000 za maji, yaani mapipa 600 ya lita 200. Penye majani mengi, sehemu kubwa ya maji hayo huzama ardhini. Penye kipara, yaani palipochomwa moto au palipolishwa kupita kiasi, hutiririka juu na kubeba udongo.

Kwenye mteremko mkali maji hukimbia na kuchimba. Njia ya ng'ombe inayoshuka moja kwa moja kutoka kilimani huanza kama mfereji mdogo, na baada ya misimu michache huwa korongo. Maji yakifika tambarare hupunguza mwendo na kutua mzigo wake wa mchanga na tope. Ndiyo maana bonde ni sawa na lina rutuba: udongo wake uliletwa na mafuriko ya zamani. Kwa hiyo bonde ni sehemu ya mto, hata kama limekauka miaka kadhaa.

Kwenye kona, maji hupiga ukingo wa nje na kuuchimba chini kwa chini. Ukingo huo unaweza kuonekana imara lakini ukakatika ng'ombe wakisimama juu yake. Ukingo wa ndani hujazwa mchanga na huwa na mteremko mpole.

Mafuriko ya aina mbili

Vijito vya vilima vyetu hujaa haraka. Mvua kubwa ikinyesha juu, maji yanaweza kufika bondeni kwa muda mfupi, hata kama ulipo hakuna tone.

Mto Kagera ni tofauti. Maji yake hutoka mbali, Burundi na Rwanda. Mito Ruvubu na Nyabarongo hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, kisha Kagera hupita polepole katika maziwa madogo na mafunjo mengi kabla ya kugeuka mashariki kuelekea Kyaka na Ziwa Victoria. Mafunjo hayo hushika maji kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo. Hivyo mto huweza kuendelea kupanda mwezi Mei na hata Juni, wakati masika yanaisha. Mvua kukatika si ruhusa ya kurudi bondeni.

Fanya yafuatayo

1. Jenga zizi juu ya alama za mafuriko ya zamani. Tazama takataka zilizonasa kwenye miti, na waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi.
2. Nywesha kwenye ukingo wa ndani wa kona, baada ya kukagua tope.
3. Maji yakibadilika rangi ghafla, au yakileta majani na vijiti, ondoa mifugo mara moja. Usimtume mtoto kuvusha ng'ombe kwenye kijito kilichojaa. Subiri kipungue.
4. Pitisha njia za mifugo kwa kukata mteremko, na uzibadilishe kabla hazijawa mifereji.
5. Usichome malisho ya kilimani. Acha mimea ya kando ya mto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji.

Maji yakishapungua

Hatari haijaisha. Konokono wa madimbwi hueneza minyoo ya ini. Chelewa kulisha penye majimaji, na kumbuka kwamba si kila dawa ya minyoo huua minyoo ya ini. Uliza kabla ya kununua. Kwato zinazokaa kwenye tope huoza, kwa hiyo zikague na uwalaze mifugo pakavu.

Mbu nao huongezeka. Baada ya mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2006, Homa ya Bonde la Ufa ililipuka nchini na kuua mifugo mingi na watu zaidi ya 100. Ukiona wanyama wengi wanatupa mimba kwa wakati mmoja, au mnyama anakufa ghafla, usimchune, usimle na usiguse mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Mjulishe afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Kaeni kama familia kabla ya mvua kuanza, mkubaliane mtahamishia mifugo wapi na nani atawaongoza ndama. Usiku wa mafuriko si wakati wa kutafuta njia.