Biashara ya Safari za Mpira kutoka Muscat

Safari za mpira zinazoanzia Muscat ni biashara ya masafa mafupi na muda mfupi. Doha iko mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa ndege, na Kuwait haiko mbali zaidi ya kiasi cha mtu kwenda na kurudi mwisho wa wiki. Mteja anayeilisha biashara hii ni kundi la marafiki wanne, watano au sita, wanaochanga fedha, wakamkabidhi mmoja wao kazi ya kukata tiketi, wakaondoka pamoja na kurudi pamoja. Utaratibu wa FIFA kwa Kombe la Dunia la 2022 uliwafaa hasa watu wa namna hiyo: mnunuzi mmoja aliruhusiwa tiketi zisizozidi 6 kwa mchezo. Kwa wakala wa safari wa Ruwi au Seeb, yule mshika fedha ndiye wa kumtunza, kwani akihamia kwa wakala mwingine anahama na wenzake wote.

Kombe hilo la Qatar ndilo lililoonyesha ukubwa na mipaka ya soko. Nchi yenye watu wapatao milioni 3 na viwanja 8 vilivyokaribiana ilihitaji kupokea wageni zaidi ya milioni moja ndani ya siku 29, na vyumba havikutosha. Mei 2022, Qatar Airways ilitangaza makubaliano na flydubai, Kuwait Airways, Saudia na Oman Air ya kuwasafirisha mashabiki siku ya mchezo tu. Mpango wa Oman Air ulikuwa hadi safari 24 za kwenda na kurudi kwa siku, nauli ikianzia riali 49 pamoja na kodi. Abiria hakuruhusiwa mzigo wa kupakiwa tumboni mwa ndege; alipanda na begi la mkononi, tiketi ya mchezo na kibali cha Hayya, ambacho ndicho kilichomwingiza Qatar na kumpandisha metro ya Doha bure.

Ratiba ya siku hiyo ilikuwa nzito kuliko matangazo yalivyodokeza. Michezo mingi ya makundi ilianza saa 7 na saa 10 mchana, saa 1 na saa 4 usiku kwa saa za Doha, na Muscat iko mbele kwa saa moja. Aliyetazama mchezo wa saa 4 usiku alitoka uwanjani saa za Muscat zikigonga 7 usiku, akakabiliwa na foleni ya metro, ukaguzi wa uwanja wa ndege na safari yenyewe. Alifika nyumbani alfajiri. Kwa kuwa mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa ndio uliomfaa mfanyakazi. Siku nyingine zilimtaka aombe ruhusa kazini au aende ofisini bila kulala.

Hesabu ya gharama za safari hizo inafaa kufanywa polepole, maana ndani yake mna siri ya soko zima. Kibanda cha watu wawili katika kijiji cha mashabiki cha bei nafuu Doha kilikodishwa takribani dola 200 kwa usiku, sawa na riali 77, yaani riali 38 na nusu kwa kila mmoja. Shabiki wa kigeni aliyekaa Doha siku 10 kuifuata timu yake katika michezo mitatu alilipa riali 385 kwa malazi. Aliyekaa Muscat na kuruka mara tatu alilipa nauli ya riali 147, akabakiwa na riali 238. Basi, kama hoteli ya Muscat ilimgharimu chini ya riali 24 kwa usiku, alikuwa amepata nafuu, na watu wawili wanaogawana chumba wanaweza kuipata bei hiyo mjini bila taabu. Lakini kila mchezo ulioongezeka ulikula riali 49. Aliyetaka michezo 8 alimaliza riali 392 kwa nauli tu, kabla hajalipia kitanda. Muscat iliwafaa wenye timu moja. Mwenye kiu ya kutazama kila siku hakuwa na budi kulala Doha.

Serikali ya Oman ilijaribu kuwavuta wale wa kundi la kwanza. Wenye kibali cha Hayya walipewa viza ya bure ya siku 60, ya kuingia na kutoka mara nyingi, na waliruhusiwa kuja na familia zao. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu safari ya siku moja huiachia Muscat mapato ya nauli pekee, ilhali mgeni anayelala hula, hukodi gari, huzunguka soko la Mutrah na hufika Nizwa. Kizuizi kilikuwa Dubai, yenye hoteli nyingi zaidi na flydubai iliyopanga hadi safari 30 kwa siku. Kisha, kuanzia tarehe 6 Desemba, Qatar iliwafungulia mlango raia na wakazi wa nchi za Ghuba hata wasio na tiketi za mchezo.

Kombe la Ghuba ni soko la tabia nyingine kabisa. Hapa timu ya Oman yenyewe inacheza, na mahitaji hulipuka ghafla. Oman ilishinda nusu fainali tarehe 2 Januari 2018 na fainali ya Kuwait ikachezwa tarehe 5. Mwaka 2023, kati ya nusu fainali na fainali ya Basra zilipita siku tatu; mwishoni mwa 2024, Oman iliitoa Saudi Arabia tarehe 31 Desemba, na fainali dhidi ya Bahrain ikafuata Kuwait tarehe 4 Januari. Katika siku hizo chache ndege zipatikane, tiketi zigawiwe na watu waandikishwe. Hakuna wakala anayeweza kununua viti mapema kwa fainali ambayo huenda timu yake isifike, na timu ikitolewa mapema hana wa kumuuzia. Faraja moja ni kwamba riali ya Oman imefungwa kwenye dola kwa kiwango kile kile tangu 1986, na sarafu za Qatar, Saudi Arabia, Bahrain na Falme za Kiarabu nazo zimefungwa hivyo hivyo, hivyo bei iliyokubaliwa leo haiharibiwi na soko la fedha kesho.

Karatasi ndizo zinazoligawa kundi. Raia wa Oman huvuka mipaka ya Ghuba kwa kitambulisho chake tu. Rafiki yake wa barazani anayefanya kazi Muscat kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza, na siku tatu si nyingi kwa viza. Ahadi ya nafuu ilitolewa Novemba 2023, mawaziri wa mambo ya ndani wa Ghuba walipokutana Muscat na kuidhinisha viza moja ya watalii kwa nchi zote 6.

Mwaka 2027 unaleta mashindano mawili. Kombe la Asia litachezwa Saudi Arabia kuanzia tarehe 7 Januari, na Oman imefuzu. Safari hiyo inaweza kufanywa kwa gari, kwani barabara ya jangwa la Rub al-Khali, yenye urefu wa kilomita 725 na iliyofunguliwa Desemba 2021, inaiunganisha Oman na Saudi Arabia bila kupita Falme za Kiarabu. Watano ndani ya gari moja hugawana mafuta badala ya kukata tiketi tano, na hapo wakala wa ndege hana lake.

Mwaka huo huo Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na Muscat ina maelfu ya wazungumzaji wa Kiswahili ambao wao au wazazi wao walitoka Zanzibar, wengi wakifika baada ya Mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970. Kwao safari ya mpira itachanganyika na kuwaona jamaa. Wengi watalala kwa ndugu, kwa hiyo hoteli haitauzika kwao kama kitakavyouzika kiti cha ndege. Kinachoweza kuuzwa zaidi ni mwendo wa ndani: kutoka Unguja hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa, kutoka Dar es Salaam hadi uwanja mpya wa Arusha, kisha Nairobi na Kampala. Kigumu kiko mpakani. Viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki, inayogharimu dola 100, inazihusu Kenya, Uganda na Rwanda, Tanzania haimo. Kundi la Muscat litakaloianza safari Dar es Salaam na kuimalizia Kampala halitaweza kutegemea viza hiyo peke yake.