Kingamwili Zinaposhambulia Vipokezi vya Glutamati

Mwanamke kijana huanza kwa homa na maumivu ya kichwa. Baada ya siku chache hapati usingizi, huwashuku watu wa nyumbani, husikia sauti zisizokuwapo. Ndugu husema amepagawa. Hospitalini huandikwa kuwa ana ugonjwa wa akili. Kisha hupatwa na degedege, midomo na ulimi huchezacheza vyenyewe, na maneno humkauka.

Glutamati ndiyo kemikali kuu ambayo seli za neva huitumia kuamshana. Kipokezi chake kimojawapo, NMDA, ni muhimu kwa kumbukumbu na fikra. Mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake, nchini Marekani, walieleza habari za wanawake 12 ambao miili yao ilitengeneza kingamwili dhidi ya kipokezi hicho. Wote walikuwa na uvimbe aina ya teratoma, 11 kati yao kwenye ovari. Uvimbe huo huweza kubeba tishu za neva, na mwili unapoupiga vita huugeukia na ubongo wenyewe.

Kingamwili haziui seli. Huvivuta vipokezi ndani yake, vikapungua juu ya utando. Mhudumu aliyemwona mgonjwa akizinduka kutoka kwenye ketamini, dawa inayoziba kipokezi hichohicho, hatastaajabia njozi hizo. Kwa kuwa seli zingali hai, vipokezi huweza kurejea.

Hivyo, wazimu unaozuka ghafla pamoja na homa, degedege, shinikizo la damu lisilotulia, au mwili kukakamaa baada ya haloperidoli, uchunguzwe kama ugonjwa wa ubongo. Malaria, homa ya uti wa mgongo na virusi vya herpesi vitafutwe kwanza, wala visicheleweshewe tiba. Kingamwili hupimwa katika maji ya uti wa mgongo. Pasipo na kipimo hicho, picha ya ovari kwa altrasaundi bado yaweza kufichua uvimbe. Lakini kutouona hakuufuti ugonjwa, kwani wagonjwa wengi hawana uvimbe, wakiwamo wanaume na watoto.

Tiba ni steroidi, imunoglobulini au kusafisha plazima, na kuuondoa uvimbe ukiwapo. Katika utafiti wa wagonjwa 577 uliochapishwa mwaka 2013, takriban wanne kati ya watano walikuwa na hali njema baada ya miaka 2. Nafuu huja polepole, kwa miezi; ndugu waambiwe hivyo mapema, wasije wakamwondoa mgonjwa wodini kabla ya dawa kufanya kazi.