Kuunganisha Orodha za Makundi katika Lugha ya R

Mtafiti wa lugha akusanyapo habari za wasemaji, nyingi kati ya habari hizo si hesabu bali ni majina ya makundi: jinsia, mtaa, lugha ya kwanza, kiwango cha elimu. Kompyuta ina njia yake ya kuhifadhi habari za namna hiyo, na njia hiyo haina taabu maadamu orodha ni moja. Taabu huanza pale orodha mbili zinapotakiwa kuunganishwa. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa kutumia R, lugha ya programu iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ambayo leo hutumiwa na wanaisimu wengi katika kazi za takwimu.

1. Jina na namba

Orodha ya makundi katika R huitwa faktori. Ndani yake mna vitu viwili: jedwali la majina, ambamo kila jina huandikwa mara moja tu, na mfululizo wa namba zinazoelekeza kwenye jedwali hilo. Mtumiaji asipoagiza vinginevyo, majina hupangwa kwa alfabeti.

Tuchukulie kwamba watafiti wawili wanauliza lugha ya kwanza ya wasemaji, mmoja Lubumbashi, mwingine Bukavu. Jedwali la Lubumbashi lina Kibemba (1), Kiluba (2) na Kiswahili (3). La Bukavu lina Kilega (1), Kiswahili (2) na Mashi (3). Majedwali yote mawili ni sahihi, lakini namba 3 ni Kiswahili katika moja na ni Mashi katika lingine.

2. Kosa lisiloonekana

Kabla ya toleo la 4.1.0, lililotoka Mei 2021, amri ya kawaida ya kuunganisha, yaani c, iliyaacha majina ya faktori na kuunganisha namba peke yake. Hivyo waliojibu Kiswahili kule Lubumbashi na waliojibu Mashi kule Bukavu wote walikuwa 3. Kompyuta haikukataa wala haikuonya. Mtafiti aliyerudisha majina kwa kufuata jedwali la Lubumbashi angewahesabu wasemaji wa Mashi kuwa wa Kiswahili, na wasemaji wa Kiswahili wa Bukavu kuwa wa Kiluba. Jumla ingetimia, na asilimia zingefika 100. Hitimisho lake, hata hivyo, lingekuwa la uongo.

3. Njia iliyo sahihi

Tangu toleo hilo, amri ya c huyakusanya kwanza majina yote katika jedwali moja: Kibemba, Kiluba, Kiswahili, Kilega, Mashi. Kisha namba za Bukavu hubadilishwa: 1 huwa 4, 2 huwa 3, na 3 huwa 5. Mwenye toleo la zamani hufikia lengo hilo hilo kwa kugeuza faktori ziwe maneno, kuunganisha maneno hayo, na kuunda faktori upya.

Makundi yenye daraja, kama vile «kamwe, mara chache, mara nyingi, daima», yana sharti zaidi. R huhifadhi daraja hizo ikiwa tu majedwali yote yana majina yale yale kwa mpangilio ule ule. La sivyo, matokeo huwa makundi ya kawaida yasiyo na daraja.

4. Kazi inayobaki kwa mtafiti

Kompyuta hulinganisha herufi, haifahamu maana. Mtafiti mmoja akiandika «Kiswahili», wa pili «kiswahili», na wa tatu «Kingwana», R itahesabu makundi matatu. Swali la kama Kingwana kihesabiwe pamoja na Kiswahili si la programu. Ni la mwanaisimu, naye hana budi kulijibu kabla ya kuunganisha, na kulieleza wazi katika ripoti yake.

Kwa hiyo tunawashauri wanafunzi wanaotayarisha tasnifu wafanye mambo mawili. Kwanza, wayaweke majedwali ya majina kando kwa kando na kuyasoma. Pili, wahesabu watu wa kila kundi kabla na baada ya kuunganisha. Hesabu ya jina lolote isipolingana na jumla ya orodha zilizotangulia, uchambuzi usianze mpaka sababu ijulikane.