MTAMBUE KIWAVIJESHI KABLA HAJAWA MWEUSI

Ndugu msomaji, kiwavijeshi ana rangi gani? Wengi watajibu bila kusita kwamba ni mweusi. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli, na nusu iliyosalia imewapotezea wakulima wengi mavuno yao.

Kiwavijeshi wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Spodoptera exempta, ni mtoto wa nondo mdogo arukaye usiku. Nondo huyo akikunjua mabawa, upana wake ni kama sentimita 3. Mabawa ya mbele yana rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, pamoja na alama hafifu mfano wa figo. Ya nyuma ni meupe, na mishipa yake huonekana wazi. Jike ana nywele nyeusi kwenye ncha ya tumbo, ambazo hufunikia mayai yake.

Ajabu kubwa imo katika watoto. Kiwavi aliyekua peke yake huwa wa kijani au hudhurungi, mithili ya nyasi anazozila, naye hujificha chini karibu na shina. Lakini ndugu zake wa tumbo moja, wakikua kwa kubanana, hugeuka weusi wenye mistari ya manjano ubavuni, wakapanda juu ya majani mchana na kula kwa pupa. Hao si wadudu wa aina nyingine. Ni msongamano uliowageuza. Tena, utafiti umeonyesha kuwa weusi hustahimili ugonjwa wa virusi kuliko wenzao wa kijani. Hiyo ni kinga yenye maana, kwani penye wengi maradhi huenea upesi.

Basi hatari iko wapi? Hata wale watakaokuwa weusi huanza maisha wakiwa na rangi ya kijani hafifu, nao hula kidogo sana. Sehemu kubwa ya ulaji wao hufanyika katika siku za mwisho, kabla hawajajichimbia ardhini. Kwa hiyo, anayengoja kuwaona weusi amebakiwa na siku chache tu za kuokoa mahindi, mtama, uwele, mpunga au malisho ya mifugo wake.

Yafaa, ndugu msomaji, mvua za kwanza zinyeshapo baada ya ukame na nondo wa kijivu wakajaa taani, uanze kukagua shamba kila siku. Geuza majani machanga, utazame vijidudu vya kijani na sehemu zilizokwanguliwa hata zikapitisha mwanga. Ukiziona, mwarifu bwana shamba siku hiyo hiyo. Huko Kilosa, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji walifundishwa kunasa nondo dume kwa mtego wenye harufu ya jike, na kwa idadi yao wakatabiri uvamizi katika kijiji chao.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa kiwavijeshi ni wa kijani.