Kabla ya kushangilia uwanja mpya, uliza watu 60,000 watatokaje

Fungua kikokotoo kwa simu yako. Uwanja wa Talanta pale Jamhuri, kando ya Ngong Road, umepangiwa viti 60,000. Matatu za viti 14 zikiwabeba mashabiki hao wote bila kuzidisha abiria, utahitaji safari 4,286. Za viti 33 utahitaji safari 1,819. Na kama kila mtu angekuja kwa gari la kibinafsi, watatu watatu, hayo ni magari 20,000. Yapange moja nyuma ya lingine, mita tano kila moja, na utapata foleni ya kilomita 100. Hapo umetoka Nairobi na kuipita Naivasha.

Mimi si injinia. Chuo chenyewe nilikiacha njiani. Lakini hii ni hesabu ya kugawanya tu, na ndiyo ingefaa kuwa swali letu la kwanza kila serikali inapotangaza uwanja mpya au ukarabati wa ule wa zamani. Badala yake tunashindana mtandaoni kuhusu rangi ya viti na picha za droni.

Tuelewane mapema: sipingi viwanja. Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa AFCON 2027, na Agosti 2025 tulionja utamu wake kwenye CHAN, Harambee Stars walipowalaza Morocco 1-0 pale Kasarani. Nyayo ulifunguliwa 1983, Kasarani ukajengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Viwanja vya umri huo lazima virekebishwe. Ninachosema ni kwamba uwanja hauishii kwenye ukuta wake. Unaishi pia ndani ya barabara yako, mapafu yako na usingizi wako, na mambo hayo yanaweza kupimwa kabla mchanga haujamwagwa.

Jam haiji kwa wastani

Ukipata nafasi ya kusoma ripoti ya athari za mradi, kuwa macho na neno moja: wastani. Wastani wa magari kwa siku. Wastani wa kelele. Uwanja unaweza kukaa kimya zaidi ya siku 300 kwa mwaka, kwa hivyo ukiupima kwa wastani utaonekana mpole kama kondoo.

Lakini wewe unajua mechi inavyokuwa. Kuingia, watu huja kidogo kidogo: wengine saa nne kabla, wengine wakati wimbo wa taifa unaimbwa. Kutoka ni kitu kingine. Kipenga kikilia, kila mtu anataka kuondoka kwa wakati mmoja, na njia iliyowapokea watu kwa saa nne inatakiwa kuwatoa kwa chini ya saa moja. Hiyo saa moja ndiyo ya kupimwa. Ripoti isiyoonyesha saa mbaya zaidi ya siku mbaya zaidi bado haijajibu swali.

Sasa weka saa hiyo kwenye Ngong Road. Hii si barabara ya mashabiki pekee. Ambulensi inayotoka Ngong, Karen au Dagoretti kuelekea Hospitali Kuu ya Kenyatta huitegemea. Hospitali ya Coptic iko papo hapo kando yake. Mama aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua dakika ya 88 hana haja ya kujua nani anaongoza. Anataka leni moja iliyo wazi. Je, leni hiyo imechorwa kwenye mpango, ama tutaachia askari wa trafiki na firimbi yake?

Nyayo nao uko pale Uhuru Highway, Mombasa Road na Lang'ata Road zinapokutana, kumaanisha jam ya mechi moja inaweza kumchelewesha mtu anayeenda uwanja wa ndege. Kasarani una Thika Road, barabara pana kuliko nyingi nchini, lakini upana huo hausaidii kitu ikiwa kipande cha mwisho hadi langoni ni chembamba na watembea kwa miguu wanang'ang'ania lami na nduthi.

Suluhisho si kuongeza maegesho. Ukijenga maegesho makubwa umealika magari zaidi kwenye barabara ile ile. Jibu ni kuwafikisha watu bila magari: mabasi maalum kutoka katikati ya jiji, njia za miguu zenye taa, na treni. Reli ya zamani inayopita Kibra kuelekea Kikuyu haiko mbali na Jamhuri. Treni moja huondoa watu wengi kwa mpigo, na haikwami kwenye jam ya Ngong Road.

Afya si hospitali tu

Tukisema athari za kiafya, wengi wetu hufikiria magonjwa. Lakini anza na hewa. Magari yaliyosimama yakinguruma hutoa moshi, na ndani ya moshi huo kuna chembechembe ndogo sana ambazo huingia hadi ndani kabisa ya mapafu na hata kwenye damu. Mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembechembe hizo, kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa mwaka hadi 5. Wanaouvuta moshi wa matatu zaidi si walio ndani ya V8 na madirisha yamefungwa. Ni mama mboga, konda, mchuuzi wa jezi na mtoto anayetembea kurudi nyumbani.

Kabla ya moshi kuna vumbi. Kukata zege na mawe hutoa vumbi la silika, ambalo likivutwa kwa muda mrefu huacha makovu kwenye mapafu yasiyopona. Vijana wa mjengo ndio wa kwanza hatarini, na majirani hufuata. Kumwagia maji eneo la kazi na kuwapa wafanyakazi barakoa zinazofaa si gharama ya kutikisa bajeti ya mabilioni.

Halafu kelele. WHO hupendekeza kelele za barabarani zisizidi desibeli 45 usiku, kwa sababu usingizi unaokatizwa kila mara huumiza moyo. Mechi huisha, lakini viwanja hukodishwa pia kwa tamasha na mikutano. Uliza: ni usiku mangapi kwa mwaka, na spika zitazimwa saa ngapi?

Kubwa kuliko yote ni msukumano wa watu. Oktoba 2010, watu wasiopungua saba walikufa Nyayo kwenye mkanyagano wakati wa mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Walienda kutazama mpira tu. Miaka 15 baadaye, wakati wa CHAN, CAF ililazimika kupunguza mashabiki wa kuingia Kasarani hadi 27,000 baada ya vurugu na watu kujipenyeza bila tiketi. Viti vipya havitatui tatizo hilo. Upana wa malango, idadi ya njia za kutokea na nafasi ya kusimama nje kabla ya ukaguzi ndivyo huokoa maisha, na hivyo huamuliwa kwenye karatasi, kabla ya ukuta wa kwanza kusimama.

Mwisho kuna afya ambayo uwanja unaweza kuleta. Kama vijana wa Kibra, Woodley na Dagoretti watapata viwanja vya mazoezi pembeni, vya bure au vya bei ya mtaani, hapo mradi umewapa mwili wenye nguvu na jioni zenye shughuli. Lakini ukiwa ni wa kutazamwa kupitia ua wa chuma, umewapa jam na vumbi peke yake.

Unachoweza kufanya wewe

Hapa ndipo wengi wetu hulala. Sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kabla ya kupewa leseni na NEMA, na umma upewe nafasi ya kutoa maoni. Hata baada ya leseni, ukaguzi wa mazingira hufaa kuendelea. Katiba, kwenye Kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini haki hiyo ikitishiwa, bila hata kuthibitisha kwamba kuna mtu ameshaumia.

Na kama hujui ripoti iko wapi, iombe. Sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu. Huhitaji wakili. Andika barua ama barua pepe, taja mradi, kisha uulize mambo manne: saa mbaya zaidi ya mechi itakuwa na magari na watembea kwa miguu wangapi, ambulensi itapita wapi, hewa na kelele zilipimwa lini kabla ya ujenzi na zitapimwa lini baadaye, na nani atalipa ikiwa ahadi hazitatimizwa.

Hilo la tatu usiliache. Bila kipimo cha kabla, mtu akikuambia miaka mitatu baadaye kwamba kikohozi cha mtoto wako kilikuwepo tangu zamani, hutakuwa na la kumjibu.

Sisi ndio tutakaojaza hivyo viti 60,000. Sisi ndio tutakaosukumana langoni, tutakaolipa fare iliyopandishwa mara mbili, na wengine wetu ndio tutakaokuwa tumelala nyumba ya tatu kutoka kwa ukuta. Barua moja haigharimu hata bei ya chapo. Iandike wiki hii, kisha ihesabu siku 21.